Safu ya Vipepeo

Fundi saa huyu watu walimwita Bwana Dakika, na jina likamkaa. Meza yake ilikuwa barazani mwa duka la vifaa vya shule, na juu yake palikuwa na kioo cha kukuzia, koleo ndogo na kopo la vidude ambavyo ukipiga chafya umevipoteza. Ukichelewa kufuata saa yako alikununia, na ukiwahi alikununia vile vile. Lakini Jumamosi za kiangazi, hata ungekuja na saa ya mfalme, usingemkuta. Siku hizo alikuwa kinamasini, akihesabu ndege.

Kinamasi chenyewe kiko mwendo wa nusu saa kwa miguu, pale maji ya bahari yanapoingia na kulala kwenye matope. Idara ya hifadhi iliwapa watu wa kujitolea funguo za vibanda vya mbao, kwa sharti moja: kila kibanda watu wawili. Karatasi ya kila Jumamosi ina safu mbili, moja ya ndege na moja ya vipepeo, na kila safu ina mtu wake na sahihi yake. Asiye na mwenzake arudishe ufunguo.

Yeye na mkewe, mshonaji, walishika kibanda chao viangazi kumi na tisa. Waliketi kwenye benchi moja wamepeana migongo, mume akitazama dirisha la majini, mke dirisha la vichakani kwenye maua. Asubuhi nzima hawakuonana nyuso, na asubuhi nzima hawakunyamaza. Mume akisema yangeyange arobaini na wawili, mke anajibu weupe kumi na mmoja, kisha wanaendelea kumteta jirani pale pale walipomwachia. Mgongo wa mkewe ulikuwa na joto, na mzee aliuegemea bila hata kujua kuwa anauegemea.

Mkewe alifariki msimu wa baridi, kwa homa ya siku nne. Watu walikuja, wakalia, wakaondoka. Binti yao, anayefanya kazi mbali, alikaa wiki mbili, akafua mapazia, akarudi kazini kwake. Tangu hapo anapiga simu kila Jumapili kuuliza kama baba amekula. Baba amekula, baba hana shida. Simu ikikatwa, saa kumi na nne za ukutani zinaanza tena kusikika, na mzee wa watu anakaa kuzisikiliza, maana ndani ya nyumba hiyo hakuna mwingine wa kumsikiliza.

Kiangazi kilipofika ilimpasa aende ofisini aseme mwenzangu hayupo tena. Hakwenda. Kusema ni kurudisha ufunguo, na akirudisha ufunguo Jumamosi naye atazipeleka wapi? Akaenda kibandani peke yake, akakaa upande wake, akahesabu ndege wake kwa uaminifu: membe, korongo, vitwitwi wale wasiotulia. Sasa safu ya pili je? Kwake yeye kipepeo ni kipepeo tu. Basi akafanya jambo ambalo mtu wa saa pekee ndiye angelifanya. Alitoa nakala za karatasi za kiangazi cha mwisho cha mkewe, akanakili, Jumamosi ya kwanza kwa Jumamosi ya kwanza, weupe kwa weupe, wa madoa kwa wa madoa. Ameishi maisha yake yote akiamini kuwa kitu kizima ni kile kinachozunguka na kurudi pale pale. Kisha akatia sahihi ya marehemu, na ule mkia wake mrefu mwishoni.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini huyu aliitembea viangazi viwili vizima. Wa ofisini wakiuliza mama hajambo, alisema hajambo, ni mgongo tu unamsumbua. Mara nyingine mama yuko kwa binti. Nani nimemdhulumu, alijiuliza, na akajijibu hakuna. Jamani, upweke ni mwalimu mbaya. Humfundisha hila hata mtu mnyoofu.

Kiangazi cha tatu, Jumamosi ya kwanza, saa mbili asubuhi, mlango wa kibanda ukabishwa hodi. Alikuwa afisa mpya wa hifadhi, mwanamke wa umri wa binti yake, na faili kwapani. Akamwamkia shikamoo, akaketi pembeni ya benchi, akaanza na habari za matope njiani. Mzee akajua hapa pana jambo. Ndipo yule afisa akatoa karatasi za viangazi vitatu, akazipanga juu ya goti. Idadi ya vipepeo ilikuwa ile ile kila mwaka, hadi yule mmoja wa mwisho. Akaeleza taratibu kwamba mwaka jana mvua zilikosekana, maua ya vichakani yakakauka kinamasi kizima, na vibanda vyote viliandika sifuri wiki tatu mfululizo. Kibanda hiki kiliona tisini na watatu.

"Ningependa kumwona mama," akasema. "Labda ana jicho ambalo sisi wengine hatuna."

Mzee akafungua kinywa aseme habari za mgongo. Zikagoma kutoka.

"Alifariki," akasema. "Miaka miwili na nusu sasa."

Hajawahi kulitamka neno hilo. Msibani wengine walimsemea, na baadaye hakuna aliyeuliza. Afisa hakumkaripia, na afadhali angemkaripia. Alimpa pole, kisha akasema safu ya vipepeo itafutwa kwa viangazi vyote viwili, na ufunguo, samahani sana baba, sheria ni watu wawili.

Mzee akaomba aachiwe leo tu, amalize Jumamosi hii. Afisa akatazama saa yake.

"Sawa. Mimi nitashika ndege hadi saa nne, wewe shika vipepeo. Karatasi ya leo iwe ya kweli."

Basi Bwana Dakika akainuka, akazunguka benchi, akaketi alipokuwa akiketi mkewe. Hajawahi kuketi hapo hata siku moja. Jua likamchapa machoni. Lilipita dirishani moja kwa moja, pasipo tawi wala kivuli, na yeye, fundi wa majira, hakuhitaji kuambiwa kwamba halitatoka hapo kabla ya saa nne. Akakinga uso kwa kiganja. Siku ya kwanza kabisa mkewe ndiye aliyewahi kuketi upande huu, akasema yeye anapenda vipepeo, na mume akafurahi kuachiwa upande wa baridi. Viangazi kumi na tisa. Hakulalamika hata mara moja, na yeye hakugeuka hata mara moja.

"Umeona wangapi, baba?" afisa akauliza, macho yake majini.

"Bado," akasema mzee. "Nivumilie kidogo, mwanangu. Bado sijaona kitu."