Chuma Tulichokipata Leo Chunya

Leo nusura Chunya ipate mgodi wa chuma kwa sababu yangu.

Kazi yangu mnaijua. Kabla Bwana Mpimaji hajasoma kipimo chake cha sumaku, mimi nawakagua watu wote. Chuma kikiwa karibu, sindano inadanganya.

Na leo nilikuwa mkali kwelikweli! Nimekusanya mapanga, funguo, mkebe wa tumbako, hata kisu cha Ambakisye, mbeba vigingi wetu. Vyote nikavitia mkobani.

Sindano ikaruka.

"Chuma!" Bwana akapiga kelele. "Chimbeni!"

Tumechimba mpaka saa sita, na jua la huku si la mchezo. Udongo mtupu. Tukahama hatua hamsini, sindano ikaruka vilevile. Bwana akatoa karatasi, akaanza kuandika simu ya maandishi ya kupeleka habari Mbeya.

Ndipo Ambakisye akaniambia kwa upole, "Karani, naomba kisu changu nimenye muhogo."

Nikafungua mkoba.

Mkoba uliokuwa begani kwangu. Nami nimesimama kando ya kipimo tangu asubuhi.

Jamani!

Bwana akaichana karatasi yake, akamkabidhi Ambakisye kazi ya ukaguzi. Wa kwanza kukaguliwa nikawa mimi. Kachukua mkanda wangu, ati una chuma.

Haya, nabandika hapa ukutani pa kantini. Penseli nimeining'iniza, andikeni yenu chini.

Ila mwandiko msiucheke. Mkono mmoja unaandika, mwingine umeshika suruali.