Siku Nilipoipandisha Mashua ya Shemeji Kwenye Tela

Nikipita soko la samaki hapa Masoko mpaka leo kuna watu wananiita Konda, na mimi sijawahi kufanya kazi kwenye basi hata siku moja, kwa hiyo bora niwaeleze mwenyewe aibu yangu kabla hamjaelezwa na wauza samaki, maana wale wanaongeza chumvi (wanasema nililia kwa sauti, jambo ambalo si kweli, nililia kimya kimya).

Mimi kwetu Kiranjeranje. Nimekulia kwenye ufuta na mikorosho, shule niliishia la saba, nikaja Kilwa Masoko kujifunza kuchomelea vyuma, nikafikia kwa dada yangu Zuhura aliyeolewa na Athumani, mvuvi. Huyu shemeji yangu alikuwa na miaka minne anaunda mashua yake uani, nyuma ya nyumba, akipata ubao anaupigilia, asipopata anakaa kwenye kigoda anaitazama tu, na miaka yote hiyo anavua kwenye vyombo vya watu. Ilipokamilika ilikuwa na futi ishirini na nane, imepakwa mafuta ya papa inanuka mtaa mzima, mlingoti umelazwa pembeni, bado kushuliwa tu.

Sasa kushua chombo huku kuna desturi yake. Unaita watu, wanakuja wanaume hamsini, sitini, wanatandika magogo, wanavuta kamba kwa nyimbo mpaka baharini, na mwenye chombo anawapikia wali. Shemeji kabla hajaenda dago (ile kambi ya wavuvi visiwani, wanakaa huko wiki mbili tatu) aliniambia, "Hamisi, nikirudi tutangoja bamvua, maji yajae mpaka juu, ndiyo tuite watu." Nikaitikia vizuri kabisa. Lakini dada alikuwa amejifungua, hata arobaini hajafika, na kila nikimwona anatembea kwa kushika ukuta nawaza, huyu ndiye wa kuwapikia watu sitini? Roho ikawa inaniuma. Basi hapo ndipo nilipoamua jambo langu, dogo tu: mashua itashuka bila watu, bila wali, na shemeji akirudi Jumamosi aikute inaelea.

Karakana kwetu kulikuwa na tela kuukuu la boti ya faiba, la futi kumi na sita, mwenyewe alishahama, na fundi wangu akaniruhusu nilichukue. Jamani, kazi nilifanya! Ule mkono wa mbele wa kufungia trekta niliukata nikaurefusha kwa bomba nene, ekseli nikaisogeza nyuma, vile vigurudumu nikaving'oa nikaweka magurudumu ya Canter iliyokufa, kisha nikachomelea nguzo nne za kuishikilia mashua ubavuni na kila nguzo nikaivalisha raba ya tairi isije ikachubua mbao. Huku nachomelea naota. Naona vyombo vya Kivinje vinakuja kwangu, naona kibao nimeandika kwa rangi nyekundu, HAMISI MSHUSHA VYOMBO, naona hadi namba ya simu chini yake.

Jumamosi asubuhi, baada ya jasho la jeki mbili na vijana wanne tangu Ijumaa, mashua ikawa juu ya tela, na Mudi dereva wa trekta akawa anaunguruma barabarani. Mlangoni amekaa Bi Siti, nyanya yake Athumani, amempakata kichanga. Huyu kwa utani wa bibi na mjukuu ananiita mume.

"Mume wangu, mashua ya watu unaipeleka wapi?"

"Baharini, bibi. Nimeshauliza, maji yanajaa saa tano."

"Yanajaa mpaka wapi?"

(Hilo sikuuliza.)

"Leo mwezi una siku nane," akasema. "Haya maji mafu, yanakuja kunawa miguu tu halafu yanarudi zao. Mngoje mwenye chombo, bamvua ni wiki moja tu."

Mimi mbele ya Mudi na wale vijana nikajibu, "Bibi, tela lina magurudumu. Maji yasipotufuata, tutayafuata sisi." Vijana wakacheka, nikajiona nimesema. Kwetu sisi wa mikoroshoni mwezi unaangaliwa kwa kufunga na kufungua, sikujua kwamba na bahari nayo inauangalia.

Tukafika ufukweni kwa mbwembwe zote. Mudi akarudisha tela kinyumenyume mpaka maji yakagusa magurudumu, na yakaishia hapohapo. Saa tano imefika, maji yamejaa ndiyo hayo, mashua haijatikisika hata kidogo. Nikamwambia rudi tena. Akarudi. Tena. "Hamisi, hapa chini ni tope," Mudi akasema. Nikamwambia kidogo tu, kidogo tu (hicho kidogo ndicho kilichonimaliza), na tela likazama mpaka kwenye ekseli, likainama upande mmoja, kimya kimya, kama mtu anayesinzia msikitini.

"Vuta, Mudi! Vuta tutoke!"

Mudi akakanyaga mafuta. Nikasikia kwaa! Trekta likapanda mchangani kwa furaha, linaburuza nyuma yake lile bomba langu, peke yake, na Mudi hajageuka, anajua amevuta mashua. Mahali nilipounga ndipo palipoachia. Tela na mashua vimebaki baharini na mimi nimesimama katikati, maji ya magoti, nimeshika kamba ambayo sijui imefungwa wapi.

Ilikuwa ndiyo saa ya mnada wa samaki, watu wamejaa. Mama mmoja mwenye beseni akaanza.

"Konda! Basi hilo la wapi?"

"La Kisiwani hilo!" akamjibu mwenzake.

"Lindi, Lindi, Lindi! Mbele kuna nafasi mbili!"

"Konda, shusha abiria, mnapaki nini katikati ya barabara?"

Nilicheka nao, ningefanyaje, lakini mara nikasikia sauti kwenye mbao, krrr, kama mlango wa zamani. Maji yalikuwa yameanza kutoka. Nguzo moja imepinda, mashua inaegemea hiyohiyo moja, na Mudi aliyeshagundua akarudi mbio akaniambia hili trekta si langu, ni la bosi, halirudi kwenye tope, na wewe ujue, mashua hiyo ikilala ubavu kwa uzito huo, mbao zitaachia. Miaka minne ya mtu. Kigoda chake uani nikakiona kabisa machoni. Hapo kicheko kikaisha.

Na kama mnavyojua, balaa haliji peke yake, nikainua uso nikaona boti la dago linaingia, na mbele kabisa, amesimama, Athumani.

Fikirieni mtu ametoka wiki tatu baharini, anakaribia kwake, anaiona mashua yake mwenyewe imekaa kwenye tope, ina matairi. Akashuka majini na nguo zake. Akaja taratibu. Akaizunguka yote.

"Shemeji," akasema, "hii mashua yangu?"

"Ndiyo, shemeji."

"Na haya matairi?"

"Ya Canter, shemeji."

Akaweka mkono kwenye ubao uliokuwa unalia, akausikiliza kama daktari. Mimi machozi yakanitoka, nikamwambia sikutaka dada apike. Nilikuwa na maelezo mengine marefu lakini hayo tu ndiyo yaliyotoka. Akasema, "Shikilia hapa, isisogee," (kana kwamba mimi ningeweza kuizuia) akaondoka.

Alikwenda msikitini. Watu walikuwa wanatoka adhuhuri, akawaambia mlangoni pale: chombo changu kinakufa, na leo wali sina. Wakaja. Wengine na kanzu zao wamezipandisha viunoni, wavuvi wa mnadani wakaongezeka, hata wale akina mama wenye mabeseni wakashika kamba. Wanne wakatia mabega chini ya ubavu uliolala, magogo yakatandikwa juu ya tope, kamba zikafungwa nyuma ya mashua upande wa bahari, na mzee mmoja mwenye sauti nene akaanza:

"Basi la nani?"

"La shemeji!" na kamba ikavutwa.

"Linakwenda wapi?"

"Halijui!" na kamba ikavutwa.

Nilivuta na mimi, nikaitikia na mimi, halijui, halijui, mpaka koo likakauka, na kila tulipoitikia mashua ikasogea shibiri moja, ikatoka kwenye nguzo zangu, ikafika kwenye maji, ikayumba, ikasimama wima. Ubao mmoja tu ndio uliopata ufa. Athumani akapanda akakaa ndani, anapapasa tu pembeni.

"Na wali?" mtu akauliza.

"Atapika Konda!"

Nikapika. Dada nilimkatalia kabisa asinyanyuke, akabaki mlangoni ananielekeza huku anashika tumbo kwa kicheko. Bi Siti akaonja wa kwanza, akatafuna, akatafuna tena.

"Mume wangu," akasema, "sufuria yako chini bamvua, juu maji mafu."

Na watu sitini wakaula hivyohivyo, wakamaliza.

Tela halikutoka. Tulijaribu bamvua ilipofika, tope limelikamata, shemeji akasema liache, nanga nzito namna hii angeipata wapi. Mimi nimejiapiza kwamba chombo cha mtu sitakigusa mwenyewe akiwa hayupo, na kwamba kabla ya jambo lolote linalogusa bahari nitakwenda kwanza mlangoni kwa Bi Siti nikae chini nimuulize mwezi. Ukifika Masoko maji yakiwa yametoka, angalia kushoto: kuna nguzo ya chuma imepinda, na mashua imefungwa kwenye hiyo nguzo. Ile raba niliyoivalisha bado ipo. Maji yakirudi mashua inaigongagonga, na mbao hazijachubuka.