Delphia Stiltner Aimba Peke Yake

Kwa miaka ishirini na saba Delphia Stiltner aliimba sauti ya pili. Kaka yake Orbin alisimama mbele na gitaa, kofia imemkaa upande, naye Delphia hatua moja nyuma, akimshikilia kwa chini kama mtu anayeshika ngazi mwenzake apande. Nyimbo zilikuwa zake Delphia, zote. Alizitunga katika jiko la shule ya msingi akikoroga maharage ya watoto mia mbili, akaziandika nyuma ya karatasi za ratiba ya chakula. Lakini katika milima ya mashariki ya Kentucky, Marekani, kuanzia kanisani hadi mnadani, watu walisema "nyimbo za Orbin," na Delphia hakumsahihisha mtu.

Kisha vumbi la makaa ya mawe alilolivuta Orbin mgodini likamziba mapafu. Kwanza zilimkimbia sauti za juu, halafu ngazi za barazani kwake zikamshinda, mwisho akawa mtu wa kitini, mpira wa oksijeni puani na mashine ikihema kando yake. Gitaa likatundikwa.

Jumapili moja, baada ya chakula cha mchana, Orbin alimgeukia dada yake.

"Umenuna mwaka mzima. Nenda karekodi."

"Niimbe na nani?"

"Na mdomo wako."

"Orbin, mimi hata kuanza wimbo sijui. Nimezoea kukufuata wewe."

"Na ulipozitunga, ulikuwa unamfuata nani?"

Delphia akainuka mezani. Akaosha vyombo kwa kishindo, sahani moja ikavunjika.

Shule zilipofungwa alikwenda kwa Curtis Wampler, fundi wa kurekodi aliyegeuza chumba kilichokuwa cha dobi kuwa studio. Orbin alikwenda naye, maana Delphia hakumwamini mtu mwingine kumwangalia kaka yake. Siku ya kwanza ilikuwa aibu tupu. Kila alipofungua kinywa, sauti ilishuka yenyewe kwenda ile njia yake ya chini, na wimbo ukabaki kama nyumba isiyo na paa.

Curtis akajikuna shingo. "Dada Delphia, usinielewe vibaya. Namjua binti mmoja wa mjini, ana sauti safi. Aimbe yeye, wewe umfuate."

"Bwana," Orbin akasema kutoka kitini, "mlete huyo binti uone. Nitakung'oa meno, kwa pumzi hii hii niliyobaki nayo."

Delphia alicheka mpaka machozi yakamtoka. Alipomaliza kucheka, alilishika gitaa la kaka yake walilokuja nalo, akalegeza nyuzi zote sita, akajaribu, akalegeza tena, hadi wimbo ukashuka pale sauti yake ilipozoea kukaa. Kisha akaimba. Sauti ilitoka nzito, ina mikwaruzo kama gome la mwaloni. Curtis aliacha kujikuna.

Ila baada ya beti mbili akasimamisha. "Mashine inasikika. Tuizime dakika tatu tu?"

"Ukiizima, naondoka," Delphia akasema.

"Basi mzee akae nje kwenye gari."

Orbin alikwishaanza kuinuka.

"Kaa!" Delphia alimwambia, kwa sauti ileile anayowatuliza nayo watoto wanaorushiana mikate. "Miaka yote niliyosimama nyuma yako, hakuna aliyenituma garini. Curtis, washa."

Nyimbo kumi na moja zilirekodiwa kwa siku nne, gitaa na sauti basi, mashine ikihema kwa chini. Katika wimbo wa saba Orbin anasikika akikohoa, halafu akisema, "Samahani." Delphia alikataa kukiondoa kikohozi, na samahani pia. Juu ya jalada likaandikwa jina moja tu.

Albamu ilizinduliwa Jumamosi mchana katika ukumbi wa kituo cha zimamoto. Walitoa gari la zimamoto nje watu wapate nafasi, wakala maharage na mkate wa mahindi, wakasikiliza. Baada ya wimbo wa tatu jirani yao, Ottie Ratliff, akampigapiga Orbin begani.

"Dada yako kaziimba vizuri nyimbo zako, jamani!"

Orbin akauondoa mpira puani ili asikike vizuri. "Ottie, mimi sijatunga wimbo hata mmoja maishani mwangu. Ni zake zote. Mimi nilikuwa nauza sura tu."

Vichwa vyote vikamgeukia Delphia. Delphia alihisi joto likimpanda shingoni, na haikuwa haya. Alinyoosha mgongo, akawatazama wote mmoja mmoja, kisha akapiga nyuzi bila kumsubiri mtu.

Albamu ile haikumtoa jikoni. Shule zilipofunguliwa alirudi kwenye masufuria yake. Lakini redio ya milimani iliipiga na mikwaruzo yake yote, na majira ya kupukutika majani akaitwa kuimba kwenye tamasha la makao makuu ya wilaya. Aliendesha mwenyewe, Orbin pembeni akilalamikia kila kona.

"Tumechelewa, Delphia. Watakuwa wameanza."

"Waanze na nani?" alisema Delphia, akakanyaga mafuta.