Siku Tulipopiga Pasi Uwanja

Mara ya kwanza kumwona mtu akikaa hewani nilikuwa na miaka sitini na nne, na nilikasirika. Nimefuga, nimelima, nimezika mume, nimelea watoto sita upande wa magharibi wa mlima Meru, halafu kumbe miaka yote hiyo kulikuwa na watu mjini wanafanya kitu kile kila Jumamosi na hakuna aliyeniambia.

Aliyenipeleka ni mjukuu wangu, binti wa mwanangu wa kwanza. Ni muuguzi, na ninakaa kwake Sombetini tangu magoti yaliponikataza kulima. Alisema nimezidi kukaa nyuma ya nyumba nikimtazama ng'ombe, hata ng'ombe mwenyewe amechoka kutazamwa. Nikaenda kwa kumridhisha. Nilidhani tunakwenda kuona ule mpira wa pete wa wasichana wa shule. Nikakuta wanaume warefu, wamevaa bukta, wanakimbia kwenye sakafu ya saruji kana kwamba nyumba zao zinaungua.

Nahodha wa timu yetu ni mtu wa Kisongo. Ni mrefu hadi anainama mlangoni kwa mazoea tu, hata mlango ukiwa mkubwa. Siku ile aliruka na mpira, wawili wa timu nyingine wakaruka naye. Wale wawili wakashuka. Yeye alikuwa bado yuko juu, anafikiri. Halafu akauweka mpira ndani ya kikapu taratibu, kama mtu anayerudisha kikombe kabatini. Nilimuuliza mjukuu wangu kama nimeona vizuri. Akasema, "Umeona vizuri, bibi. Huyo ndivyo alivyo."

Nikarudi Jumamosi iliyofuata, na nyingine. Kitu kimoja tu kilinikera, nacho ni ufagiaji wao. Uwanja ule hauna paa, na vumbi letu mnalijua. Kijana waliyempa kazi alikuwa anafagia kwa kuzunguka, anatoa vumbi hapa anaweka pale. Nilivumilia mechi tatu. Ya nne nikashuka jukwaani nikamnyang'anya ufagio. Tangu siku hiyo nikawa ninafagia kabla ya kila mechi ya nyumbani, sakafu nzima, kutoka juu kwenda chini, kwa sababu ina mteremko kidogo upande wa barabara. Sikuajiriwa na mtu. Wachezaji wakaanza kuniita koko, ndivyo tunavyomwita bibi kwa Kimaa, na walikuwa wananiamkia mmoja mmoja wakipita na mabegi yao.

Ukifagia sakafu unaijua. Ile ina ufa mmoja, chini ya kikapu cha upande wa mlima, mrefu kama mkono wangu. Mvua ikinyesha, maji yanaingia chini ya saruji, na hata juu pakikauka, ufa unaendelea kutoa maji polepole. Wachezaji wetu waliujua kama mtu anavyoijua ngazi mbovu ya nyumbani kwake. Waliuruka bila kuutazama.

Msimu ninaousimulia ulikuwa wa mwisho kwa nahodha. Alisema mwenyewe mbele ya watu, goti limefungwa bandeji, kwamba akimaliza huu anapumzika. Alikuwa ameichezea timu hii tangu akiwa kijana mwembamba na hajawahi kushika kombe. Mara mbili alifika fainali, na mara zote mbili alifungwa pwani, ndani ya ukumbi wa wenyewe wenye sakafu ya mbao. Watu wakitaja pwani, alikuwa anainama kukaza kamba za viatu.

Msimu huo wakashinda. Walianza vibaya, halafu wakashinda mfululizo mpaka ukawa unaogopa kuhesabu. Mechi za mbali tulizifuata kwenye simu ya mjukuu wangu, majirani wamejaa sebuleni, mimi nimekatazwa kusema kwa sababu eti nikisema simu inakwama. Nilichokuwa nakitazama mimi si vikapu. Nilikuwa natazama jinsi watu watano wanavyojua mwenzao yuko wapi bila kugeuka. Mmoja anarusha mpira nyuma ya kichwa chake, mahali ambapo hakuna mtu, na mpira ukifika pale mtu yupo. Nimeishi na mume miaka thelathini na moja, hatukuwahi kufika huko.

Sikumwomba Mungu tushinde. Mungu ana kazi nyingine. Niliomba tu lile goti.

Fainali ilikuwa ya mechi tatu, na timu ya pwani tena. Ya kwanza tulicheza kwao, tukafungwa. Ya pili tukashinda hapa. Ya tatu ilikuwa hapa pia, maana tulimaliza msimu juu yao. Siku hiyo, saa saba mchana, Meru ikajifunika, na mvua ikashuka kama imetumwa. Ilipokatika saa tisa, uwanja ulikuwa bwawa.

Mwamuzi mkuu, mtu mfupi asiyecheka, alisimama katikati na kutangaza kwamba taa za uwanja ni mbovu, kwa hiyo sakafu isipokuwa kavu kufika saa kumi, mechi itachezwa kesho kutwa pwani, ukumbini. Nilimtazama nahodha. Alikuwa amekaa kwenye benchi, amejifunika taulo kichwani.

Watu wakaingia uwanjani na vitu vyote visivyofaa. Baba mmoja alikuja na gunia la vumbi la mbao kutoka kwa mafundi seremala, akalimwaga lote, kwa sababu ndivyo tunavyofanya mlangoni kukiwa na tope. Ukawa uji. Nikamuuliza kama kwake anapika uji sebuleni. Alijibu kwa unyenyekevu kabisa kwamba alikuwa anasaidia. Nikamwambia aendelee kusaidia kwa kuuzoa.

Ikabidi nishike mimi. Niliwapanga mistari, mabega kwa mabega, kutoka upande wa mlima, wasukume maji kwenda barabarani na mtu asirudi nyuma. Matambara yalipoisha, wenye mashuka ya Kimaasai wakayavua. Mashuka yalipoisha kina mama wakatoa kanga zao za mabegani, vijana wa bodaboda wakatoa majaketi. Bwana mmoja mwenye suti, ambaye nadhani alitoka ofisini kwa kudanganya, alivua koti akalikunja, akapiga magoti. Walikuwa mamia. Uwanja mzima ulipiga magoti kama siku ya meza ya Bwana, watu wasiojuana, wanasugua saruji, na nusu ya wale hawajawahi kudeki nyumbani kwao. Ninajua kufoka, sijui kulia. Lakini nilisimama pale na ufagio wangu nikakosa hata cha kufoka.

Ilipobaki robo saa, sakafu ilikuwa nyeupe. Nikavua viatu nikaipita yote kwa nyayo, maana unyayo haudanganyi kama jicho. Kavu. Kavu. Nikafika kwenye ufa, unyayo ukateleza.

Mwamuzi akanifuata. Aliniona kila mechi na ufagio, akaona mimi ndiye wa kuuliza.

"Bibi, wewe ndiye unayeijua sakafu hii. Imekauka yote?"

Pale palikuwa panaonekana pakavu. Maji yanatoka kidogo kidogo, huwezi kuyaona ukiwa umesimama. Watu wetu wanapajua, watapakwepa. Wageni hawapajui. Nilikuwa na neno ndiyo mdomoni, kabisa, limeshakaa tayari. Nahodha alikuwa ameondoa taulo kichwani, ananitazama. Alikuwa anajua ninachokijua.

Nikamwazia mgeni akitua pale kutoka kule juu wanakofika. Mguu wa mtu ni mguu wa mtu.

"Bado," nikasema. "Hapa pana ufa, unatoa maji. Mtu akitua hapa anavunjika."

Kelele zilizotoka jukwaani siwezi kuziandika zote. Mmoja aliuliza pwani wamenilisha nini. Mwingine akasema nirudishwe kwa ng'ombe wangu. Mjukuu wangu mwenyewe aliinamisha kichwa. Mwamuzi aligusa ufa kwa kidole, akatazama saa, akasema basi, sheria ni sheria, labda manahodha wote wawili wakubali kusubiri.

Nahodha wa wageni alikuja. Kijana mkubwa, shingo kama mgomba, amevaa jezi safi. Wenzake walikuwa wanamwita arudi, na hawakuficha kwamba walikuwa wanacheka. Kwao kusubiri kulikuwa hasara tupu, maana wangekwenda kumalizia nyumbani. Alinitazama mimi, akatazama ufa.

"Huyu bibi angeweza kunyamaza," akamwambia mwamuzi. "Tusubiri."

Wetu akaja na goti lake, akasimama upande wangu. Niliogopa atakachosema. Nilikuwa nimemchukulia kombe mdomoni.

"Koko," akasema, "sasa tunaziba na nini?"

Nikamwambia mjukuu wangu akalete ndoo ya mavi ya ng'ombe, nyuma ya ukuta kuna mtu anafuga. Alikuwa amevaa gauni jipya jeupe.

"Bibi, mbele ya watu wote hawa?"

"Kwani watu wote hawa hawajawahi kuona ng'ombe?"

Akaenda. Mimi nikachota majivu kwenye majiko ya kina mama wanaochoma mahindi getini. Nyumba ya mama yangu, kule tulikotoka, ilikandikwa kwa mavi na majivu, na mvua za masika zilipiga kuta zile miaka mingi hazikuingia. Nilichanganya kwa mkono mpaka ikawa ngumu kama ugali, nikashindilia ndani ya ufa kwa kidole gumba, mwanzo mpaka mwisho. Nahodha wetu alishika ndoo. Yule wa pwani alisimama mbali kidogo, ameziba pua, lakini hakuondoka.

Tatizo likawa kukausha. Hapo ndipo nilipomkumbuka mama mshonaji wa pale getini, ambaye bado anatumia pasi ya mkaa. Ililetwa ikiwa imewaka. Nikatandika kitambaa juu ya ufa, nikaanza kupiga pasi. Mvuke ukapanda na harufu yake. Sasa kicheko kikatoka pande zote mbili za jukwaa, wenyeji na wageni, kila mtu amenyanyua simu. Sikuwajali. Nilipiga pasi uwanja wa fainali kama shati la ibada, na nilipoinua kitambaa pale palikuwa pagumu, pakavu, rangi ya majani makavu.

Mwamuzi akapanda juu ya ufa na viatu vyake. Akazungusha kisigino, mara mbili. Akaruka kidogo, mtu mzima yule. Kisha akatazama jua, akapuliza filimbi.

Mechi yenyewe siwezi kuisimulia kama wanavyosimulia redioni. Walikuwa wanapanda na kushuka kama moto wa majani, mara hapa, mara kule, na hakuna timu iliyoiacha nyingine mbali. Jua lilikuwa limelala upande wa Kisongo na vivuli vya wachezaji vilikuwa virefu kuliko uwanja. Dakika ya mwisho tulikuwa mbele kwa pointi moja. Yule kijana wa pwani akaupata mpira, akaja mbio kwenye kikapu cha upande wa mlima, akapaa. Nilifumba macho, nikafumbua kwa sababu ni dhambi kutotazama kitu kama kile. Akaupigilia mpira kikapuni kwa mkono mmoja, akashuka kwa uzito wake wote, mguu mmoja, juu ya ufa wangu.

Mguu ukashika.

Wao wakawa mbele. Mama aliyekaa mbele yangu aligeuka akanitazama kwa jicho baya, na sikumlaumu. Zilibaki sekunde chache. Kila mtu alijua mpira utakwenda kwa nani, hata mahindi ya getini yalijua. Nahodha wetu akaupokea, watu watatu wakamfunika. Miaka yote ile, fainali zote zile, goti lile. Angeruka, na kama angekosa hakuna ambaye angemsema. Hakuruka. Aliutoa mpira chini, kati ya miguu ya wale watatu, kwa mwenzake mmoja aliyekuwa peke yake pembeni, kijana wa msimu wake wa kwanza. Yule akarusha. Mpira ulikaa ukingoni mwa kikapu muda ambao mtu angeweza kusali Baba Yetu, ukaingia.

Nimeona ng'ombe wakizaa mapacha, nimeona Meru ikiwa na theluji asubuhi. Sijaona mtu aliyengoja kitu hivyo akakiweka mikononi mwa mwenzake.

Uwanja ulifurika. Walimbeba nahodha, wakambeba yule kijana, mjukuu wangu alipotea humo na gauni lake lenye madoa. Mimi sikukimbia, sina magoti ya kukimbia. Nikashuka taratibu na ufagio. Chini ya kikapu cha upande wa mlima nikamkuta nahodha wa pwani amekaa sakafuni, amefunika uso kwa jezi. Watu walikuwa wanampita huku na huku kama jiwe. Miguu yake ilikuwa imenyooka mbele yake, mirefu, mizima yote miwili.

Nilisimama mpaka akahisi mtu. Akashusha jezi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Simama, mwanangu. Saruji ya Arusha ina baridi."

Nikampa ufagio ajinyanyulie nao.