Sensa ya Dakika Kumi na Moja

Sensa mpya ya gari langu, ile inayolia ukirudi nyuma na kukaribia kitu, imeishi dakika kumi na moja. Nimehesabu.

Ile ya zamani kwenye bampa la nyuma ilipasuka, ikawa inalia hata pasipo na kitu. Leo asubuhi nikalipeleka gari kwa fundi, hapa mtaa wa Miyuji. Saa nane mchana mteja analichukua gari kwenda Hombolo, na gari hili ndilo linalonilisha.

Fundi akafunga sensa mpya. "Dada, tujaribu. Rudi nyuma, nakuongoza."

Mnajua tunavyoongozana. Mtu anasimama nyuma anapunga mkono: rudi, rudi, bado, njoo. Wewe unaangalia mkono wake tu.

Nikarudi. Sensa ikalia taratibu, kisha haraka, kisha mfululizo. Mfululizo maana yake umebakiza sentimita thelathini.

Nikakanyaga breki. "Fundi, inalia."

"Inanisoma mimi hiyo. Rudi tu, nafasi ipo."

Mimi ninayebishana na kila mtu, leo nikatii.

Puu.

Nikashuka. Fundi alikuwa amesimama pembeni kabisa, mita mbili kutoka kwenye bampa. Sensa ilikuwa inasoma nguzo ya geti lake mwenyewe.

Imepasuka tena, palepale.

Akakuna kichwa. "Lakini dada, si umeona inafanya kazi?"

Sasa ni saa sita na nusu. Anafunga nyingine, mimi nazungukazunguka hapa getini. Nyinyi mngemsikiliza nani, sensa au fundi?

Anasema akimaliza tutajaribu tena. Nimemwambia sawa, ila safari hii ataendesha yeye, na nyuma nitasimama mimi.