Akonaay Bura na Mizinga ya Pwani

Akonaay Bura wa kijiji cha Tumati alichukuliwa jeshini mwaka 1941, akiwa na miaka ishirini na mmoja. Alikuwa hajawahi kuona bahari. Walimpeleka kwenye kilima cha mawe juu ya bandari ndogo ya pwani, ambako Waingereza walikuwa wamefunga mizinga miwili iliyotolewa kwenye meli kuukuu ya vita. Kazi ya kikosi ilikuwa moja: meli ya adui ikionekana, isifike bandarini.

Haikuonekana. Miaka minne walifyatua kwa mazoezi tu, wakilenga shabaha ya mbao iliyovutwa na boti. Siku nyingine Akonaay alisugua chuma kisiliwe na chumvi. Kila mzinga ulikuwa na silinda ya mafuta ya kupokea kishindo, na mafuta hayo yalizuiwa yasivuje na pete za ngozi. Vipuri vilipoacha kuja, alijifunza kuzikata pete mwenyewe kwa ngozi ya ng'ombe, akaziloweka kwenye mafuta ya mnyama. Sajini alipoona mikono yake haina pupa, alimwachia kazi hiyo yote.

Vita vilipokwisha, mizinga iling'olewa ikauzwa kama chuma chakavu, na kikosi kikavunjwa. Akonaay alirudi Tumati. Alipowaambia watu kwamba alikuwa akitunza mizinga, mjomba wake aliuliza, "Serikali ilikupeleka mbali hivyo kurina asali?" Walicheka miaka mingi. Akaacha kusimulia.

Mwaka 1982 alikuwa mlinzi wa karakana katika shamba moja la ngano la serikali, Hanang. Mwezi wa sita ngano ilikuwa imekauka, imeanza kupukutika, na wingu zito lilikaa mlimani siku tatu. Kombaini mbili, mashine za kuvunia, zilikuwa zimesimama. Silinda za kuinulia visu zilivuja, na hakuna aliyejua sili mpya, pete za kuzuia mafuta, zingefika lini. Akonaay alimkuta fundi mkuu, Eliakimu, kijana kutoka Moshi, amekaa chini kando ya gurudumu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nionyeshe sili iliyokatika."

Akonaay akaigeuza kidoleni. "Hii naweza kuikata kwa ngozi."

"Mzee, hii ni mashine ya Kanada."

"Mafuta hayajui Kanada. Yanatafuta tundu tu. Mimi nimezuia mafuta ya mzinga wa tani saba."

"Na tukishindwa?"

"Tutabaki hapa hapa tulipo."

Mkewe Natalia alileta ngozi waliyokuwa wakilalia. Pete ya kwanza ilivuja kwa sababu ilikuwa nyembamba. Akonaay akakata nyingine sehemu ya shingo, iliyo nene, akailoweka hadi asubuhi. Saa sita mchana Eliakimu aliwasha kombaini. Kisu kikapanda. Madereva wakasubiri waone kama kitashuka, na hakikushuka.

Siku nne kombaini zote zilivuna. Lori la mwisho liliingia ghalani Alhamisi jioni, na Ijumaa mvua ikanyesha juu ya mabua matupu. Akonaay alisimama mvuani bila kofia, akicheka kwa sauti, hata Natalia akamwuliza kama ni mzima.

Meneja alimpa meza yake mwenyewe karakanani na ovaroli mpya. Alifanya kazi hapo miaka minane, na mafundi wote walimwita Bombadia, cheo cha wapiga mizinga ambacho jeshi halikuwahi kumpa.