Kidani Kilichokosa Kito

Haya si maneno ya barazani. Yamenifika mimi, wallahi, na anayetaka kucheka acheke. Lakini kwanza nianze na jogoo.

Unguja, n'kiwa mtoto, tulikuwa na jogoo mwekundu. Akaja mgeni, akamsifu. Mama, kwa adabu, akamwambia, "Wako huyo." Mgeni mwenye haya hujibu, "Ahsante, nimeshapata," yakaisha. Yule mwanamke akamkwapua jogoo, akenda naye! N'lilia mpaka kwikwi. Baba akacheka: "Basi leo mle adabu."

Kwa nini nakwambia ya jogoo? Kwa sababu adabu ile ile n'kaja nayo Maskati. Skuli sikusoma ya maana, basi kazi n'loipata ni ulinzi, katika nyumba vinamowekwa vito vya wafalme wa nchi. Mwanzo wa miaka ya elfu mbili hiyo. Majambia ya dhahabu, zumaridi, yakuti kama punje za komamanga, vyote ndani ya vioo. Kidani kimoja kilikosa kito cha katikati. Pamebaki tundu tu.

Adhuhuri moja, joto limefukuza wageni wote, n'kamwona bibi mbele ya kidani kile. Barakoa usoni, ananukia udi. Kuingia sikumwona. Akasema Kiswahili cha kwetu, tena cha zamani:

"Wamekiacha kitupu, mwanangu."

"Kito chake hakijapatikana, bibi."

Akanigeukia. Akanitazama, weye, mpaka n'kaona haya.

"Una jicho zuri, hilo la kushoto. Jeusi, linang'ara."

Hakusema mashallah. Hapo n'ngeshtuka, sivyo? Ulimi ukanitangulia: "Lako hilo, bibi."

Nangoja aseme nimeshapata. Akasema, "Nimelipokea."

Mwenzangu Wanjala, Mkenya, akachungulia mlangoni. "Mzee, leo unaongea na kioo? Jua limekupiga!" N'kageuka nimwoneshe bibi. Hapana mtu. Udi upo.

Asubuhi yake jicho la kushoto halioni kitu. Daktari wa mtaa wa Ruwi akalimulika wee, akasema, "Mzee, jicho zima hili, sioni ugonjwa."

N'kenda kazini hivyo hivyo. Kidani kina kito! Cheusi, kinang'ara, na wakubwa wanaulizana nani kakitia. Walipoondoka n'kasogea, n'kalifumba jicho la kulia, hili zima, nikijua ntaona kiza tu. Sikuona kiza. N'lijiona mimi mwenyewe, ng'ambo ya kioo, nimevaa sare, jicho moja nimelifumba, mdomo wazi.

Mpaka leo, niko Ghubra, hapa hapa Maskati, na wajukuu zangu, nikifumba jicho tu naona ukumbi ule. Watu wananiinamia, wananishangaa, watoto wananinyooshea vidole. Na wakishaondoka wote, yeye bibi huja, akasimama. Usingizi wa kiza sijaupata tena. Niamini. Basi wewe, mtu usomjua akikusifia kitu, hasa cha mwilini mwako, na mashallah hakusema, nyamaza. Bora akuone huna adabu.

Siku ile n'lipojiona, n'lizifungua funguo kiunoni, n'kazitia mkononi mwa Wanjala.

"Unaenda wapi, mzee? Zamu haijaisha!"

N'katoka juani, n'kashika njia. Sijarudi.